Nahodha na Tabibu Wake: Somo la Urafiki Ndani ya Manowari

Safari hii nimepewa ukurasa wa fasihi, na badala ya kurudia vitabu tulivyokaririshwa sekondari, nimeona tusome kitu kingine kabisa: riwaya za kihistoria za baharini. Najua wapo watakaosema, "Ah, mambo ya Wazungu na mizinga yao, yanatuhusu nini sisi?" Ngojeni kwanza. Swali lililomo humo ni letu sote: je, mtu mwenye amri juu yako anaweza kuwa rafiki yako wa kweli?

Vitabu vyenyewe

Mwandishi ni Patrick O'Brian, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1914 na kufariki mwaka 2000. Riwaya ya kwanza, Master and Commander, ilitoka mwaka 1969. Alikamilisha riwaya 20 za mfululizo huo, na ya 21, aliyoiacha njiani, ikachapishwa mwaka 2004. Wengi wetu tulianzia kwenye filamu ya mwaka 2003 aliyocheza Russell Crowe. Si vibaya, lakini vitabu vina mengi zaidi.

Kipindi ni kile cha vita vya Uingereza na Ufaransa ya Napoleon. Wahusika wakuu ni wawili. Jack Aubrey ni ofisa wa Jeshi la Majini la Uingereza: mnene, mchangamfu, hodari baharini lakini akishuka pwani anatapeliwa kama mtoto. Stephen Maturin ni daktari, nusu Muairishi nusu Mkatalani, msomi wa wanyama na mimea, na kwa siri ni jasusi. Baharini hajui lolote, hata kupanda melini ni kazi.

Wanakutana mwaka 1800 kisiwani Menorca, kwenye tamasha la muziki. Aubrey anapiga mdundo kwa mkono, tena anawatangulia wanamuziki. Maturin, aliyekaa kando yake, anampiga kiwiko. Basi nusura wapigane! Usiku uleule Aubrey anapata barua ya kupewa meli yake ya kwanza. Furaha inamlainisha, kesho yake anaomba radhi, na muda si mrefu anamwomba Maturin awe tabibu wa meli. Urafiki wa miaka mingi umeanzia kwenye kiwiko.

Tatizo la cheo

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Melini amri ni moja. Nahodha anaweza kuamuru baharia achapwe viboko mbele ya wenzake wote, na hakuna wa kumhoji. Maturin anachukia viboko na anachukia ubabe wa aina yoyote. Sasa watu hawa wawili wataishije?

Jibu la mwandishi ni chumba cha nahodha. Jioni Aubrey anachukua fidla yake, Maturin anachukua selo yake, wanapiga muziki pamoja. Humo ndani Maturin anaweza kumwambia nahodha umekosea. Nje, juu ya sitaha, mbele ya mabaharia, heshima inabaki palepale. Hebu angalieni: urafiki hauondoi cheo, unakitafutia mpaka tu. Na mpaka huo hauzuii maumivu, maana mwenye cheo akiamua, ameamua.

Ahadi ya Galápagos

Mfano mzuri umo kwenye filamu. Aubrey amemwahidi rafiki yake kwamba wakifika visiwa vya Galápagos atapata nafasi ya kuchunguza viumbe wa huko. Wanafika, mara habari za meli ya adui zinapatikana, na nahodha anaamua kuondoka. Maturin anakasirika kwelikweli. Kwake ahadi ni ahadi. Kwa Aubrey, kazi ya mfalme ni kazi ya mfalme. Nani ana haki? Mimi nimeitazama mara tatu na bado nabishana na nafsi yangu.

Baadaye Maturin anapigwa risasi kwa bahati mbaya na mwenzao aliyekuwa akimlenga ndege. Hapo Aubrey anaacha kumfukuza adui na kurudi visiwani ili rafiki yake apate matibabu nchi kavu. Akishapata nafuu, Maturin anazunguka kisiwa akikusanya viumbe wake, na upande wa pili anaiona meli ya adui. Anaacha alivyokusanya na kwenda kutoa habari. Kila mmoja amekiacha alichokipenda kwa ajili ya mwenzake. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Historia na ubunifu

Wanafunzi wenzangu, tusichanganye riwaya na historia. Kwenye filamu adui ni Mfaransa, mwaka 1805. Kwenye riwaya ya mwaka 1984 iliyoipa filamu sehemu ya jina lake, adui ni Mmarekani, katika vita vilivyoanza mwaka 1812. Hata ushindi mkubwa katika riwaya ya kwanza umetokana na tukio la kweli: tarehe 6 Mei 1801, Thomas Cochrane, akiwa na mizinga 14 na watu 54, aliteka meli ya Kihispania yenye mizinga 32 na watu 319.

Tuulize pia nani hayumo chumbani. The Mauritius Command (1977) inahusu vita vya Bahari ya Hindi, ambamo Waingereza walishindwa vibaya Grand Port Agosti 1810, kisha wakaiteka Mauritius Desemba mwaka huohuo. Mashamba ya kisiwa hicho yalilimwa na watumwa, wakiwemo waliochukuliwa kutoka pwani yetu. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kwa mwaka. Watu hao hawapo katikati ya hadithi. Tufurahie muziki wa chumbani, lakini tusiwasahau.

Kwa nini nimeandika haya

Niliwahi kuwa mweka hazina wa chama cha wanafunzi. Rafiki yangu mmoja alikuja chumbani kwangu, akafunga mlango, akaniambia, "Hesabu zako hazieleweki, na wenzetu wanaogopa kukuambia." Nilinuna wiki mbili. Nilipozipitia tena, nilikuta kweli nimekosea. Angeweza kunyamaza, au kuniaibisha mkutanoni. Alichagua chumbani. Nilipokutana na Maturin kitabuni, nilimjua mara moja.

Maswali ya kujipima

1. Aubrey alikosea kuvunja ahadi yake? Toa sababu.
2. Je, Maturin angeweza kusema ukweli uleule juu ya sitaha?
3. Wewe una nani wa kukufungia mlango na kukuambia umekosea?