Kizibo Kilichogoma Chini ya Tangi la Mafuta

Tangi la petroli lililomwagwa mafuta yake ni la hatari kuliko lililojaa. Kinachowaka ni mvuke, na mvuke huo hushika moto ukichanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 1.4 hadi 7.6 hivi. Tangi lililojaa halina nafasi ya mchanganyiko huo. Lililobaki na kikombe kimoja chini, limejaa mvuke mpaka juu. Ndiyo maana mafundi wanaumia wakichomelea mapipa na matangi waliyoamini kuwa ni matupu.

Kwa hiyo kizibo cha chini kikigoma, kama kinavyogoma kwenye Land Rover za zamani, weka mbali gesi, grenda na drili ya umeme. Dizeli nayo isikudanganye: ikiwa ya baridi haitoi mvuke wa kutosha kuwaka, lakini ukiipiga moto inautoa.

Fanya kazi nje, mchana, penye upepo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutuama, hivyo shimo la gereji ni mahali pabaya kuliko pote, na jiko la mama lishe lililo bondeni ni tishio hata likiwa umbali wa hatua kadhaa. Chomoa waya hasi wa betri. Taa ya balbu usiiingize uvunguni. Tone la petroli likiangukia balbu ya moto huipasua. Weka karibu kizimamoto cha unga au cha povu.

Toa mafuta kwa juu, kwa pampu ya mkono. Tafadhali, usivute mpira kwa mdomo. Petroli kidogo tu ikiingia mapafuni inaweza kuua. Aliyemeza asitapishwe, awahishwe hospitali. Pokea mafuta kwa chombo cha chuma kilichounganishwa na tangi kwa waya, kwa sababu ndoo ya plastiki hukusanya umeme tuli, na cheche yake inatosha.

Sasa kizibo. Kisugue kwa brashi ya shaba, kipulizie mafuta ya kulegeza kutu, kisha kiache kilale hadi kesho yake. Asubuhi kigonge taratibu pembeni kwa nyundo ya shaba, ongeza mafuta, subiri tena. Tumia soketi ya pembe sita, maana ya pembe kumi na mbili hula kona, na spana malaya ni mbaya zaidi. Kaza kidogo kwanza ili kutu ivunjike, ndipo ulegeze. Ukiwa umelala chini, tazama uso wa kizibo chenyewe: kinafunguka kinyume cha mwendo wa saa. Wengi hukadiria wakiwa wamesimama juu ya tangi, wakajikuta wanakaza.

Usirefushe spana kwa bomba. Bati la tangi kuukuu ni jembamba. Kinachochanika ni tangi, si kutu. Kama shingo ya kizibo ina pa kushika, ishikilie kwa spana ya pili. Kikikataa katakata, kiache. Fungua geji ya mafuta iliyo juu ya tangi, usafishe tangi kupitia hapo, au ulipeleke kwa fundi wa matangi anayelifukuzia mvuke kabla ya kuligusa.

Petroli chakavu usiimwage mtaroni, na usiichanganye na mafuta ya taa ya jiko au kibatari. Mchanganyiko huo hulipuka jikoni, watoto wakiwa karibu. Ifunge kwenye dumu la chuma, iandike jina, uipeleke kwa wanaokusanya mafuta machafu.