Somo la Kiingereza: "To Turn a Blind Eye"

Miongoni mwa semi za Kiingereza ziwapotezazo wanafunzi ni huu, "to turn a blind eye". Maneno yake ni mepesi: "turn" ni kugeuza, "blind" ni kipofu, na "eye" ni jicho. Lakini afasiriye neno kwa neno hudhani kwamba anasemwa mtu mwenye maradhi ya macho. Sivyo. Maana yake ni kuliona jambo baya au lililokatazwa, kisha kujifanya hukuliona. Kwa Kiswahili husemwa kujitia hamnazo, au kulifumbia jambo macho.

Usemi huu huhusishwa na Horatio Nelson, mkuu wa manowari wa Uingereza, ambaye jicho lake la kuume liliharibika vitani Calvi, katika kisiwa cha Corsica, mwaka 1794. Tarehe 2 Aprili 1801, alipokuwa akipigana mbele ya mji wa Copenhagen, mkubwa wake, Sir Hyde Parker, alitweka bendera za kumwamuru aache vita. Yasimuliwa kwamba Nelson aliweka darubini kwenye jicho bovu, akasema haioni ishara hiyo. Akaendelea kupigana, akashinda. Basi usemi huu hausemi juu ya upofu, bali juu ya hiari.

Tofauti hiyo ni kubwa. Chukulia karani wa ghala aliyeletewa barua yenye maneno haya: "You turned a blind eye to the theft." Asipoelewa atadhani anahurumiwa, kwamba wizi ulimpita bila ya yeye kuona, naye hatajibu neno. Kumbe anashtakiwa kwamba aliujua wizi akanyamaza, na kutojibu kwake huenda kukahesabiwa kuwa ni kukiri. Ikiwa kweli hakuona, heri aandike mara moja: "I did not see it."

Katika kuutumia usemi huu, yakumbukwe mambo mawili. Kwanza, neno "eye" halitiwi katika wingi, hata wakitajwa watu wengi. Pili, jambo lililofumbiwa macho hutanguliwa na neno "to".

Zoezi: Msomaji na afasiri kwa Kiingereza, "Polisi hawakuufumbia macho wizi huo."

Jibu: "The police did not turn a blind eye to the theft."