Mdogo Wangu, Waulize Mlango Wao Uko Wapi

Wadogo zangu, leo barua za mapenzi na za mawifi nimeziweka kando, maana imenifika moja iliyoninyima usingizi. Ameiandika kijana wa miaka 23, kwao Mwembetanga, anayefanya kazi katika hoteli ya upande wa Nungwi. Nimemwomba ruhusa niisome mbele yenu bila kumtaja jina, naye akakubali, kwa sababu anajua hayuko peke yake.

Anasema: "Dada, kuna mtu tumejuana kwa simu. Anasema yumo katika chama cha ndugu, chama cha watu wakubwa, na kwamba wamenichagua. Nikiingia nitapata pesa, nitasafiri, sitahangaika tena. Kiingilio ni shilingi 350,000, nitume kwa simu. Lakini sharti la kwanza nisimwambie mtu, hata mama yangu, kwani nikisema bahati itaondoka. Anasema wao ndio Freemason. Nusu ya pesa nimeshaipata. Naogopa, ila naogopa zaidi kuikosa hiyo nafasi. Nifanye nini?"

Mdogo wangu, kabla ya yote: hiyo nusu uliyoipata ibaki kwako. Usitume hata shilingi mia. Sasa kaa kitako nikueleze kwa nini.

Kwanza sitakusema vibaya kwa kutamani kuwa na ndugu. Nayajua maisha yako. Unalala chumba cha wafanyakazi, watu wanne, mbali na kwenu. Masika yakiingia wageni wanapungua, hoteli inafunga, unarudi kwa mama mikono mitupu. Mtu wa hali hiyo akiambiwa "njoo, wewe ni wetu", moyo lazima uchangamke. Kutaka kushikwa mkono si dhambi. Lililobaki ni kuutazama vizuri mkono wenyewe ulionyooshwa.

Ukishuka mjini siku yako ya mapumziko, pita Mkunazini mpaka Hurumzi saa za alasiri uziangalie nyumba zetu za Mji Mkongwe. Nje pana baraza ya mawe. Hapo anakaa yeyote: muuza kahawa, jirani, mpita njia aliyechoka. Ukikaribishwa unaingia ukumbini. Huko juu na ndani kabisa ni kwa wenyewe, na mgeni hapandi. Mlango ni mzito, una nakshi na njumu za shaba, na ukifungwa umefungwa. Lakini hujasikia jirani akinung'unika kwamba nyumba ile ina siri. Mlango uko njiani, kila mtu anajua ni nyumba ya nani, na mwenye nyumba ukimgongea anatoka. Hiyo tunaiita sitara. Chama cha heri hujengwa vivyo hivyo: kina baraza yake, kina ukumbi wake, na kina ndani yake.

Mimi mwenyewe nimekulia katika mambo ya ndani. Nilipovunja ungo, bibi alinikabidhi kwa somo yangu anifunde. Niliyofundishwa mle sijamwambia mwanamme hata mmoja, na nyinyi pia sitawaambia. Lakini mama yangu aliijua nyumba niliyomo. Alijua naingia lini na natoka lini, na chakula alikileta yeye kwa mkono wake. Mtaa mzima ulisikia ngoma. Bi Kidude wetu, Mungu amrehemu, aliyefariki Aprili 2013, alifunda wari kwa miaka mingi, na ngoma yake ya msondo ikajulikana mpaka ng'ambo. Ngoma tuliisikia sote, ila kufundwa kulikuwa kwa mwari mwenyewe. Hapo siri ilikuwepo, tena nzito, lakini haikunitenga na mama yangu hata siku moja.

Tazama na wanaume. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliopenda muziki waliunda Nadi Ikhwan Safaa, ambayo wengi tunaiita Malindi kwa jina la mtaa. Ni nadi, yaani klabu ya wanachama, si pahala pa kila mtu kuingia na kutoka. Jina hilo, lenye maana ya ndugu wa usafi wa moyo, limetokana na kundi la wanazuoni wa Basra wa karne ya 10. Wale wa Basra waliandika risala 52 za elimu, kuanzia hesabu na muziki mpaka falsafa, na wakayaficha majina yao, hata leo wataalamu wanabishana walikuwa kina nani. Nalipenda jambo moja kwao: walijificha wao, lakini walichokuwa nacho walikitoa kila mtu akisome. Na hawa wetu wa Unguja walichukua jina la watu waliojificha, wakalifanya jina la watu wanaosikika harusini na siku za sikukuu. Mwaka 2005 walitimiza miaka 100. Linganisha na huyo rafiki yako wa simu: anaficha anachokifanya, na anachotaka kitolewe ni pesa yako.

Twende kwenye tarika. Sheikh Uways bin Muhammad kutoka Barawa aliieneza Kadiria hapa Unguja tangu zama za Sayyid Barghash. Murid anachukua ahadi kwa sheikh wake, anafundishwa nyiradi, na kuna daraja ambazo mtu hazifikii siku moja. Lakini zikri yenyewe inasomwa watu wakiona. Mtoto anachungulia dirishani, jirani analetewa sahani ya wali, na ukiuliza khalifa ni nani unaonyeshwa nyumba yake.

Tena wapo wenye siri kubwa kuliko hao wote, nao tunawaamini kuliko wote: waosha maiti. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwosha hasemi. Wanawake wale wa mtaani kwenu wameona mambo ambayo wangeyatoa barazani yangevunja nyumba za watu. Hawayatoi. Siri yao inamlinda mtu asiyeweza kujilinda. Basi shika hapo kipimo changu, mdogo wangu: siri njema inamsitiri aliye dhaifu. Siri mbaya inamsitiri mwenye nguvu, na aliye dhaifu inamwacha peke yake.

Sasa tuje kwenye hilo jina la Freemason, maana miaka ya 2011 na 2012 magazeti ya udaku yalilipamba mpaka likawa kama jina la jini. Freemason wapo kweli. Chama chao cha England kilianzia London mwaka 1717, na alama zao, bikari na pembe mraba, ni vifaa vya mafundi waashi. Dar es Salaam wana ukumbi wao. Marehemu Sir Andy Chande, mfanyabiashara aliyezaliwa Mombasa mwaka 1928 na kukulia Bukene, Tabora, aliwaongoza wenzake wa Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na hakujificha. Alizungumza na waandishi wa habari, na mwaka 2005 kilitoka kitabu cha maisha yake. Alifariki mwaka 2017 na kila mtu akijua alikuwa nani. Kwao anayetaka huomba mwenyewe, hutakiwa awe anaamini Mungu, hulipa ada na hutoa sadaka. Wanachokificha ni namna ya kutambuana na sherehe za kumpokea mwanachama. Utajiri hawamwahidi mtu.

Sikuelezi haya ili uende ukagonge kwao. Mwaka 1978 Baraza la Fiqhi la Makka liliamua kwamba Muislamu asijiunge nao, na usiri wao ni moja ya hoja zilizotajwa. Kanisa Katoliki nalo lilikataza tangu mwaka 1738. Hilo ni suala la dini yako, lipeleke kwa sheikh wako, uso kwa uso. Ninalotaka ulione ni kwamba huyo anayekuandikia usiku hafanani na hao hata kidogo. Anayeahidi utajiri, anayetaka kiingilio kwa simu na anayekukataza kusema na mama ni tapeli aliyevaa jina la watu wengine, kwa sababu anajua jina hilo linatisha na linatamanisha kwa pamoja.

Mimi yamenifika nyumbani. Mtoto wa mama yangu mdogo aliahidiwa mambo hayo hayo. Akatuma kiingilio. Akaambiwa bado pesa ya joho, akatuma. Akaambiwa bado pesa ya kusafirisha "mali" yake, akauza vespa iliyokuwa ikimpatia riziki, akatuma. Sisi tulikuwa tunamwona amekonda, haji kula, akiulizwa anasema kazi nyingi. Tulikuja kujua Ramadhani, alipokosa hata pesa ya tende za kufuturia na akalia mbele ya mama yake. Pesa ile imeshapotea. Kinachoniuma mpaka leo ni ile miezi mitano aliyoteseka peke yake, na sisi tukipika chungu kimoja chini ya paa moja naye. Undugu wa nazi hukutana chunguni, wanasema wazee. Sisi chunguni tulikuwemo, yeye alitengwa na sharti la mtu asiyemjua.

Kwa hiyo siku yoyote mtu akikualika katika chama, kiwe cha ngoma, cha dini, cha upatu au cha hao wakubwa, muulize mambo manne kabla hujajibu.

La kwanza: mlango wenu uko wapi? Nitajie nyumba, mtaa, na jina la mwenyekiti. Chama cha halali hapa Zanzibar kina cheti cha Mrajis, na sheha wa shehia anakijua. Akikwepa hapo, umeshajibiwa.

La pili: naweza kumwambia mama kuwa nimo? Msikilize vizuri. Kukuambia "tunayosema ndani usiyatoe" ni adabu. Kukuambia "usiseme kuwa upo nasi" ni mtego. Kanuni za nyumba zinaweza kufichwa, lakini wewe mwenyewe usifichwe.

La tatu: pesa inaingia mkono wa nani, na risiti iko wapi? Wanawake wa upatu wa mtaani kwenu wana daftari, na kila mmoja anajua zamu yake na ya mwenzake. Watu wakubwa watashindwaje na daftari?

La nne: nikitaka kutoka, natokaje? Nyumba yenye mlango wa kuingilia ina na wa kutokea. Wanaokwambia ukitoka utakufa au utapata wazimu hawana undugu na mtu. Ajali ya mtu imo mikononi mwa Mola wake, si katika simu ya tapeli.

Na nyinyi mnaopenda kuweka kila kitu hadharani, neno lenu ni hili. Uwazi si kuanika. Ukiingizwa mahali pa adabu ukapiga picha ya mwari, au ukarusha mtandaoni deni la mwenzako wa upatu, hujawa muwazi, umevunja amana. Mtu mzima anajua lipi la barazani, lipi la ukumbini na lipi la ndani.

Tumalizie na wewe, kijana wangu wa Nungwi. Ujumbe wa mtu huyo usiufute. Namba yake itume kwenda 15040, wanakopokea taarifa za matapeli wa simu. Usibishane naye wala usimuage, mfungie tu. Kama kuna pesa umeshatuma ukaona haya kuniandikia, piga simu leo hii kwa kampuni ya mtandao wako, kisha nenda kituo cha polisi na ujumbe wote mkononi.

Halafu panda daladala uende Mwembetanga. Usimwambie mama kwa simu, nenda mwenyewe. Msubiri amalize sala ya magharibi, kaa naye jikoni, mwambie: "Mama, nilitaka kufanya jambo bila ya wewe kujua." Maneno hayo yatakuwa mazito kinywani, lakini ukishayasema kamba ya yule mtu imekatika. Nguvu yake yote ilikuwa katika kunyamaza kwako.

Na wewe mama unayesoma haya, mwanao akija na maneno kama hayo, usianze kwa kelele. Usimuulize "pesa ulizipata wapi" kabla hujamwekea chai. Ukimpokea kwa matusi leo, kesho atakwenda kuwasimulia wasiomtakia mema. Mtoto hutafuta undugu nje pale anapoona ndani hasikilizwi. Mfungulie mlango wako kwanza.

Wadogo zangu, jiungeni na watu. Ingieni nadi, ingieni zikrini, chezeni upatu, jifunzeni ngoma za bibi zenu, tunzeni siri za wenzenu kama mwosha anavyotunza ya maiti. Lakini chama chochote kinachokutaka umfiche mama yako mahali ulipo, usikiingie.