Somo: Kuomba msaada wa fondasio bila kuvunja amani ya mtaa



Tenke ni mji wa njia panda. Reli itokayo Likasi inagawanyika hapa: njia moja inakwenda Kolwezi na Dilolo mpaka Angola, nyingine inakwenda Bukama na Kamina. Watu nao wamefika kutoka pande nyingi. Mgodi wa Tenke-Fungurume ulianza kutoa shaba mwaka 2009. Wengine walikuja kutafuta kazi, wengine walitolewa kwenye mashamba au nyumba zao. Leo wenyeji, waliohamishwa na wageni wanachota maji mahali pamoja. Habari ya pesa ikitokea, kila mmoja anauliza: «Ni za nani?»

Lengo la somo: tukimaliza, tuweze kuandika ombi ambalo majirani wote wanalijua na wanalikubali.

1. Tutenganishe haki na ombi

Kuna pesa ambazo hatuziombi kwa huruma, tunazidai kwa sheria. Sheria ya Madini ya Kongo, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inaitaka kampuni inayochimba itenge angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya jamii zinazoguswa na mgodi. Kwa kila dola 1.000.000 za mauzo, ni dola 3.000. Pesa hizo huitwa dotasio. Sheria inadai pia kaye de sharji, yaani mapatano yanayoandika ahadi za kampuni kwa jamii. Na anayetolewa shambani au nyumbani ana haki ya fidia.

Fondasio ni jambo jingine. Ni mfuko wa hisani ulioanzishwa na mtu, familia au kampuni, wenye pesa zake na sheria zake. Fondasio ya Ford ilianzishwa Marekani mwaka 1936. Ya Mfalme Baudouin, Ubelgiji, mwaka 1976. Fondasio haina deni kwetu. Inaweza kukubali, inaweza kukataa.

Kwa hiyo tusiiombe fondasio ilipe fidia ambayo mwingine anadaiwa. Tukifanya hivyo tunapoteza mara mbili: fondasio itakataa, na mdaiwa atapumzika.

2. Tukae pamoja kabla ya kuandika

Ombi linaloandikwa na mtu mmoja usiku huzaa ugomvi mchana. Shefu, wawakilishi wa waliohamishwa, akina mama na vijana wakae, wachague tatizo moja.

Tuchukue mfano wa kufikiria. Mtaa una kisima kimoja. Familia 60 za wenyeji na 40 zilizohamishwa zinapanga bidoni zao pale tangu alfajiri, na matusi hayakosi. Tukiomba kisima «cha waliohamishwa», tunajenga ukuta. Tukiomba kisima cha pili cha familia zote 100, chenye kamati ya pande zote mbili, maji na amani vinakuja pamoja.

3. Barua ijibu maswali sita

– Sisi ni nani? Shirika lisilo la faida linaongozwa na sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001. Kikundi kisicho na hati kinaweza kushirikiana na shirika lenye hati, kwa mapatano yaliyoandikwa na kutiwa sahihi.
– Tatizo ni nini? Tuandike tulichohesabu wenyewe: familia ngapi, bidoni ngapi, saa ngapi za kungoja.
– Tutafanya nini, na lini?
– Itagharimu kiasi gani? Saruji, pampu, fundi, usafiri: kila kitu kwa bei ya soko, na karatasi ya bei kutoka dukani.
– Sisi tunatoa nini? Mchanga, mawe na nguvu za mikono vina thamani, viandikwe.
– Pesa zikiisha, nani atatengeneza pampu? Hapa maombi mengi huanguka.

Kabla ya kutuma tusome masharti ya fondasio. Nyingine haifadhili visima, nyingine haifanyi kazi Kongo, nyingine haipokei barua isiyoiomba. Na tukumbuke: anayetaka tulipe kwanza ili «faili ipite» ni mwizi, hata akiwa na muhuri mzuri.

4. Pesa zikifika

Tangu mwaka 1969 sheria ya Marekani inazibana fondasio binafsi za huko: zikitoa pesa kwa kikundi cha nchi nyingine, mara nyingi lazima zifuatilie matumizi na kupata ripoti. Basi wakidai risiti wasionekane wanatutukana; nao wanahesabiwa.

Lakini ripoti ya kwanza ni ya majirani. Tubandike mahali pa wazi kiasi kilichofika, kilichotumika na kilichobaki. Watu watatu wajue akaunti, wakiwemo mwenyeji na aliyehamishwa. Pesa zisizosemwa huzaa maneno, na maneno yamewahi kuvunja mitaa iliyookoka vita.

5. Jibu likiwa «hapana»

Tuwaambie watu siku ile ile, tusiwaache wangoje. Tushukuru, tuulize sababu, turekebishe, tutume kwingine. Kamati iliyokaa pamoja ni faida tayari, hata kabla ya dola ya kwanza.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Katika mtaa wetu, ni mambo gani tunadai kwa haki, na gani tunaomba?
2. Ni nani hajawahi kuitwa kwenye mkutano wetu? Tutamwita lini?
3. Pesa zikija kesho, nani atazihesabu mbele ya wote?