Tuende Mtangawanda bila nahodha?

*Desemba tunataka kukodi mashua ya tanga Lamu, twende Mtangawanda, kisiwani Pate, na watoto, tukiiongoza wenyewe. Je, ni hatari?*
*Mama wa Wawili, Mombasa*

Mama, kinachostahili hofu ni kina cha maji kuliko upepo. Mkanda, mlango mwembamba mtakaopitia kati ya kisiwa cha Manda na bara, hupitika vyema maji yakijaa. Yakipwa, mashua hupwelewa kwa saa kadhaa, watoto wakiwa juani. Utasema simu ina ramani. Ramani haioni fungu la mchanga lililohama, wala haikuambii kwamba upepo wa kaskazi huwakabili waendao Pate. Kwa hiyo, safari ya kwanza chukueni nahodha wa Lamu, nanyi mshike usukani akiwa kando. Ondokeni maji yakiendelea kujaa, kila mtu na jaketi lake la kuokolea maisha. Mkipwelewa, msishuke, subirini. Mtoto akilegea kwa jua, ombeni msaada mara moja.