MASHIMO YA WASIRIKWA NA MAJINA YA NCHI YA UASIN GISHU

Msomaji aishiye Ziwa, kaskazini ya mji wa Eldoret, au apitaye huko kwa safari, huona mashamba ya mahindi na malisho ya ng'ombe, akadhani kwamba habari za nchi hii zilianza siku ile palipopigwa jembe la kwanza. Sivyo. Nchi ina vitabu viwili visivyoandikwa kwa wino. Cha kwanza ni vitu vilivyofukiwa ardhini, na cha pili ni majina ya mito, vilima na miji. Katika somo hili tutajifunza namna ya kuvisoma vyote viwili.

Mashimo ya kale

Katika nyanda za juu za magharibi ya Kenya, tangu upande wa Cherangani hata karibu na Nakuru, yako mashimo ya mviringo kwenye miteremko ya vilima. Upana wake ni kama mita 10, pengine zaidi, na mengine yamezungushiwa ukuta wa mawe. Mahali pengine ni machache tu; mahali pengine yamekusanyika kwa makumi. Wazee wa Kikalenjin husimulia kwamba waliyoyachimba ni Wasirikwa, watu wenye ng'ombe wengi waliokaa nchi hii zamani.

Wageni walipoyaona walitoa maelezo mengi. Mwaka 1933 Bwana G. W. B. Huntingford aliandika kwamba mashimo hayo, pamoja na kuta na njia za kale, yalikuwa mabaki ya ustaarabu mmoja uliopotea, akauita wa Azania. Mawazo ya namna hiyo yalikuwa na hatari yake: msomaji aliweza kudhani kwamba wajenzi walikuwa watu wengine kabisa, na kwamba babu za wenyeji wa leo hawakuhusika.

Lakini neno la kukisia hupimwa kwa jembe la mchimbuzi. Mwaka 1937 na 1938 Bibi Mary Leakey alichimbua mahali paitwapo Hyrax Hill, yaani kilima cha pimbi, karibu na Nakuru. Katika miaka ya 1960 Bwana J. E. G. Sutton akachunguza mashimo mengi ya nchi za magharibi. Hakutazama shimo peke yake. Alitazama na yaliyo kando yake.

Haya ndiyo waliyoyaona wachimbuzi. Katikati ya shimo hapakuwa na dalili za nguzo za kuchukua paa. Basi shimo lenyewe halikuwa nyumba. Mlango ulikuwa upande wa chini wa mteremko, na nje yake palikuwa na kichuguu cha matope na samadi iliyozolewa kutoka ndani mwaka baada ya mwaka. Ubavuni palikuwa na nyumba iliyounganishwa na shimo, na humo palikutwa majivu ya meko na vigae vya vyungu vilivyopambwa kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa juu ya udongo mbichi. Mifupa iliyookotwa ilikuwa ya ng'ombe, mbuzi na kondoo.

Ukiziweka dalili hizo pamoja, jawabu ni moja. Shimo lilikuwa zizi. Mwenye mali alilala ubavuni mwa mifugo wake, na mwizi aliyetaka kuiba hakuwa na njia ila mlango mmoja mwembamba. Kwa kupima mabaki ya mkaa, na kwa dalili nyingine, wataalamu wamejua kwamba mazizi hayo yalitumika tangu kama mwaka 1200 hata karne ya 18. Bwana Sutton akaona ya kuwa Wasirikwa walio wengi hawakupotea wala hawakutoka ng'ambo: walikuwa wa jamaa moja na Wakalenjin, na wazao wao wamo miongoni mwa watu wa leo. Yaliyokoma ni mazizi. Zamani za vita vya ng'ombe, watu walibadili namna ya kukaa na kulinda mali.

Majina nayo yasema

Sasa tuyatazame majina. Kanuni ya kwanza ni hii: usilifasiri jina kwa mlio wake tu, bali uliza kwanza ni la lugha gani.

Uasin Gishu ni jina la Kimaasai. Lilikuwa jina la kundi moja la Wamaasai waliochunga katika uwanda huu, na maana yake ni ng'ombe wenye milia. Katika karne ya 19 kundi hilo lilishindwa vitani na Wamaasai wenzao likatawanyika, lakini jina likabaki juu ya nchi.

Eldoret huelezwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai, eldore, yaani mto wa mawe, kwa ajili ya mawe ya mto Sosiani. Mwisho wa jina, ile -et, ni wa Kikalenjin. Basi katika neno moja zimekutana lugha mbili. Tena majina yanayoanza kwa Kap-, kama Kapsaret na Kaptagat, ni ya Kikalenjin, na Kap- hutaja nyumba au mahali pa fulani.

Mwaka 1908 Makaburu walifika uwandani kwa magari ya ng'ombe, wakitokea Nakuru. Nchi ikakatwa mashamba na kupewa namba, na posta ikawekwa katika shamba namba 64. Wenyeji wakauita mji Sisibo, kwa kuitamka namba ile kwa ulimi wao, ingawa jina la Eldoret lilitangazwa rasmi mwaka 1912. Daraja la mto Nzoia liliitwa la Hoey, kwa jina la mlowezi mmoja. Baadaye likawa Moi's Bridge.

Na Ziwa? Jina hili ni Kiswahili wazi, nalo lipo zaidi ya kilomita 700 kutoka Mombasa kwa barabara. Kiswahili kilipanda bara kwa misafara ya wafanya biashara, kisha kikaenea kwa kazi za serikali na za mashamba, ambako watu wa makabila mengi walihitaji lugha moja. Jina la Ziwa ni tabaka la juu la kitabu. Chini yake zimo lugha za waliotangulia.

Faida ya somo

Labda msomaji atauliza, yatufaa nini haya? Yatufaa mambo mawili.

Kwanza, watu wameumizana mara nyingi kwa kugombea nani alitangulia katika nchi. Majina yatufundisha kwamba wengi walipita na wengi walichanganyika. Jina la mahali ni ushahidi wa habari, si hati ya shamba, wala lisifanywe silaha juu ya jirani.

Pili, kila msimu trekta husawazisha mashimo mengine. Shimo likishalimwa, kichuguu chake na nyumba yake hutoweka, na hakuna mtaalamu awezaye kuvirudisha. Hyrax Hill imehifadhiwa, na watu wamefunguliwa kuiona tangu mwaka 1965; lakini shimo la shambani halina mlinzi ila mwenye shamba. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na urithi yamtaka mwenye kuvumbua kitu cha kale atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa. Usichimbe mwenyewe, kigae kilichoondolewa mahali pake ni kama ukurasa uliochanwa.

Zoezi

1. Andika majina ya mto, kilima na kijiji kilicho karibu nawe. Kila moja ni la lugha gani?
2. Waulize wazee watatu, kila mmoja peke yake, maana ya majina hayo. Je, maneno yao yapatana?
3. Kwa dalili zipi wachimbuzi walijua kwamba shimo la Wasirikwa lilikuwa zizi, si nyumba?

Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Nao wazee wa kuulizwa hawatungoji siku zote.