Linux Ikigoma Kuwaka, Usikimbilie Kupiga Windows

Wadogo zangu wa Mara, leo naanza na mdogo wangu mwenye stesheneri pale Bunda. Ameniandikia kwamba umeme ulikatika wateja wakiwa foleni, na uliporudi kompyuta yake ya Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, ikaishia kwenye skrini nyeusi yenye neno initramfs. Fundi kamwambia diski imekufa, atoe elfu ishirini ipigwe Windows. Anauliza, "Dada, nimpe?"

Usimpe kwanza. Hapo Linux imeanza kuamka, ikakuta mpangilio wa mafaili umevurugika kwa sababu umeme ulikatika ikiwa bado inaandika kwenye diski, ikaona heri isimame kuliko kuharibu zaidi. Andika exit, kisha enta. Mara nyingi itakutajia sehemu yenye matatizo, mathalani /dev/sda2. Sasa andika fsck -y /dev/sda2, ila weka jina ulilotajiwa na mashine yako, usinakili langu. Hiyo y inakubali marekebisho yote ili usijibu swali moja moja. Mistari itapita mingi na inatisha kidogo. Iache imalize, usizime. Ikitulia andika reboot. Mashine nyingi zilizoangushwa na umeme huwaka hapo hapo.

Ila sikiliza diski. Ikiwa inagonga-gonga, au skrini inarudia maneno I/O error, acha kabisa hiyo fsck, maana diski yenyewe ndiyo inayoondoka na kila unavyoihangaisha unapoteza. Tafuta flashi yenye Ubuntu, ichomeke, washa mashine ukibonyeza F12 kama ni Dell au F9 kama ni HP, chagua flashi, kisha chagua kujaribu bila kusakinisha. Utaona mafaili yako. Yahamishie kwenye diski nyingine kabla ya jambo lolote: fomu za wateja, barua, vyeti vilivyoskaniwa. Kompyuta utanunua nyingine, cheti cha mtu utakitoa wapi?

Wewe mwanachuo wa Butiama, yako imegoma baada ya masasisho: nembo inatokea, halafu giza, na ripoti ya fildi imo ndani. Pole, lakini wala usilie. Izime, iwashe, na mara tu inapoanza bonyeza Esc. Kwenye mashine za zamani shikilia Shift. Itakuja menyu ya GRUB. Ingia Advanced options, uchague keneli, yaani kiini cha Linux, ya zamani, yenye namba ndogo. Ubuntu haifuti keneli iliyokuwa ikifanya kazi mara tu mpya inapoingia, na sababu yake ndiyo hii. Ikiwaka, usianze ufundi. Nakili ripoti kwenye flashi, jitumie na kwenye barua pepe, uimalize. Hiyo keneli mpya itasubiri.

Na dada wa Musoma unayeandika nywila sahihi lakini mashine inakurudisha pale pale pa kuandika nywila: nadhani diski imejaa. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, ingia kwa maandishi, andika df -h. Ukiona asilimia 100 kwenye mstari unaoishia na alama ya mkwaju, jibu umelipata. Andika sudo apt clean, kisha futa filamu ulizojaza humo.

Kwa wenye kompyuta za mtumba: saa ikirudi nyuma miaka kadhaa kila unapowasha, na mashine inadai haioni diski, badilisha betri ya ubao mama kabla ya kuilaumu Linux. Ni ile ya duara, CR2032. Halafu ingia kwenye mipangilio ya BIOS uhakikishe diski inatangulia.

Kinachoniuma ni fundi kukwambia Linux ni kitu cha Wazungu, hapa haina wenyewe. Ubuntu ilianzishwa na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, na ilitoka mara ya kwanza mwaka 2004. Mwaka huo huo mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Fundi asiyejua aseme hajui, atafutwe mwingine. Kukufutia kazi zako ili afiche asichokijua ni kukudhulumu.

Sasa umeme. Kompyuta ya mezani bila UPS, kwa umeme wetu huu, ni kujitafutia hasara. Hata UPS ya mtumba yenye betri mpya itakupa dakika za kuhifadhi na kuzima kistaarabu. Na mvua za ziwani zikianza kunguruma, chomoa waya ukutani, usiridhike na kuzima swichi.

Ukikwama niandikie, lakini usiniambie tu "imegoma". Piga picha skrini maneno yote yasomeke, uniambie ulifanya nini kabla ya kugoma. Na kama yako bado inawaka vizuri, mdogo wangu, chomeka flashi leo unakili kazi zako.